Kipande cha Baba Kidoti

"Hiyo nayo ni leso ya panya?"

Dereva alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, mikono mfukoni, viatu miguuni. Kila asubuhi alivaa viatu. Kampuni ilikuwa imeyauza malori yake yote na kuwaaga madereva kwa kuwapa mkono, lakini miguu yake ilikuwa haijapata habari. Iliamka saa ileile ya zamani, ikaingia viatuni, ikamzungusha chumbani kutoka dirishani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka dirishani.

Mama Kidoti alicheka bila kuinua uso. Juu ya taulo mbele yake palikuwa na kipande cha mraba cha uzi wa kijani, kikubwa kama kiganja, kimefuliwa na kubanwa kwa pini pembeni kikauke. Alikifuma jana yake mchana, mtoto alipolala.

"Ni cha kujaribia. Nikipima, nitajua vitanzi vyangu vingapi vinaingia kwenye sentimita kumi. Hapo ndipo nitajua sweta ianze na vingapi."

"Si ungeanza tu sweta yenyewe? Ikizidi unapunguza."

"Sweta si chai, Baba Kidoti, kwamba ikikolea utaongeza maji. Kila mtu na mkono wake. Mwenye mkono wa kubana anatoa sweta ya mwanasesere. Mwenye mkono mlegevu anatoa gunia. Uzi uleule, sindano zilezile."

Dereva aliguna, akaenda dirishani. Hakuwa na ugomvi na kile kipande. Ugomvi wake ulikuwa na asubuhi yenyewe, ndefu namna ile na haina barabara.

Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea, mtaa wa tatu kutoka hapo, alikuwa ametaka sweta moja ya mfano ifikapo Ijumaa. Ikimkaa vizuri mtoto mmoja, Mama Kidoti angepewa kazi ya darasa zima. Isipokaa, kazi ingekwenda kwenye duka la mashine mjini. Katika chumba kile hapakuwa na mazungumzo mengine, hata walipozungumza mengine. Kodi, gesi, maziwa ya mtoto, vyote vilikuwa vimeahidiwa kutoka kwenye sweta ambayo bado haikuwa na hata ukingo.

Alichomoa pini, akaweka futi juu ya kipande, akahesabu kwa ncha ya sindano. Ishirini. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Ishirini.

"Haya," alisema, akamhamisha mtoto kutoka paja hili kwenda lile, na uso wake ukakunjamana kidogo. Chini ya kidole gumba cha kulia palikuwa pamewaka moto. Dereva hakuona. Alikuwa anatazama lori la mtu mwingine likirudi nyuma vibaya kwenye kona.

Mgongo wa sweta ulikwisha, kifua kikafuata. Mikono ya sweta ilikuwa bado kabisa pale kidole gumba kilipokataa. Kilikataa mbele ya watu, kliniki, alipotaka kumpandisha Kidoti kwenye mizani. Mtoto aliteleza kidogo tu, nesi akamdaka.

"Tangu lini?" nesi aliuliza, akikibonyeza.

"Tangu nijifungue."

"Na hukusema."

"Niliona kitapona."

Nesi alimfunga kitambaa kuzunguka kifundo cha mkono. "Wamama wengi huwa hivi, kwa kunyanyua mtoto. Kipumzishe. Usikamue nguo, usimbebe mtoto kwa mkono huu, na kama unafuma, usifume."

Mama Kidoti alicheka. Nesi alidhani amesema kitu cha kuchekesha, naye akacheka. Mama Kidoti aliendelea kucheka mpaka nje, kwenye benchi, ambako alinyamaza akajifuta macho kwa ule mkono mzima.

Nyumbani aliiweka kazi mezani. Mgongo, kifua, mabonge mawili ya uzi.

"Nitamwambia Mwalimu Mkuu anisubiri."

"Hatakusubiri," Dereva alisema. "Mtu akishakuwa na duka la mashine pembeni hasubiri." Alizunguka meza. Alizunguka tena. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona mchana tangu malori yauzwe: alivua viatu. Akafunga mlango, akashusha pazia, akakaa.

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kufuma. Nimekaa humu ndani nikikutazama mpaka najua unapomeza mate. Nionyeshe."

"Kwa mikono hiyo ya usukani?"

"Mikono hii imeshona maturubai njiani, usiku, mvua inanyesha. Nionyeshe, Mama Kidoti, kabla sijabadili mawazo."

Alimwonyesha. Alikaa nyuma yake, kidevu begani kwake, akamwelekeza kwa mdomo. Ingiza. Zungusha. Vuta. Achia. Mistari ya kwanza ilikuwa kichekesho; vitanzi vingine vikubwa, vingine vimejificha. Akafumua, akaanza upya. Alikuwa mwepesi kushika jambo, isipokuwa hakujua kulishika taratibu. Sindano za chuma zililia katika mikono yake, zikikwaruzana na uzi, kwi, kwi, kwi.

"Umeikamata kama gia," mkewe alimwambia. "Ishike kama unavyomshika Kidoti ukitaka kumfuta mdomo."

"Kidoti mwenyewe analia nikimfuta mdomo."

Walicheka, wakajiziba midomo kwa sababu ya jirani. Jioni mistari yake ilikuwa imenyooka, na Dereva akaitazama kama mtu aliyeegesha lori refu penye nafasi finyu.

"Sasa fuma kipande chako," alisema Mama Kidoti.

"Kipande gani tena?"

"Cha kujaribia. Nipime mkono wako."

Uso wa Dereva ulibadilika. "Kipande si kipo? Umekifuma, umekifua, umekipima. Sweta ni hiyohiyo moja."

"Kile ni cha mkono wangu."

"Keshokutwa ni Ijumaa, na mimi nianze kujaribiwa?"

Neno hilo lilibaki mezani. Mama Kidoti alijua lilikotoka. Katika kampuni ya mwisho ambayo mumewe aliomba kazi, kijana mmoja aliyenyoa ndevu kwa mara ya kwanza wiki ileile alimwambia aendeshe lori kuzunguka uwanja, ajaribiwe. Dereva, mtu aliyevuka milima na mzigo wa vioo bila kupasua hata kimoja, alizunguka uwanja kama mtoto kwenye baiskeli. Kijana akamwambia watampigia simu. Simu hiyo aliilaza karibu na mto kwa muda mrefu.

Kwa hiyo alipomwona sasa, miguu pekupeku, uzi umepita kwenye vidole vyake vinene, hata yeye hakuweza kumwambia: ngoja kwanza, tukupime. Kitaalamu alijua ni kosa. Alimtazama shingo, akashindwa.

"Basi," alisema. "Anza na vitanzi thelathini na sita. Nitakuhesabia mistari."

Kesho yake hodi iligongwa katikati ya mkono wa pili wa sweta. Dereva alisukuma kazi yake chini ya mto wa kiti, akakalia mto. Sindano moja haikuwa imelala sawasawa.

Alikuwa ni wifi yake Mama Kidoti, dada mkubwa wa Dereva, mwanamke aliyeingia nyumba za watu akitazama juu ya kabati kwanza.

"Mbona mmejifungia mchana? Pazia chini, mlango komeo. Nyie bado mko fungate?"

"Karibu, wifi. Jua linamsumbua mtoto."

"Jua gani? Mawingu tangu asubuhi." Aliona kitambaa kwenye mkono wa wifi yake, akaona mwili wa sweta mezani. "Na mkono huo unafumaje?"

"Polepole, wifi."

"Masikini. Na wewe kaka umekaa tu. Mwenzio anafuma na mkono umefungwa, wewe umekaa juu ya mto kama kuku wa mayai."

"Nimepumzika," alisema Dereva. Sindano ilikuwa inamwingia.

"Umepumzika kutoka wapi? Mume wangu anasema kule sokoni wanatafuta watu wa kushusha mizigo. Kazi ni kazi. Mwanaume hakai ndani na mapazia."

Aliendelea hivyo mpaka chai ikaisha. Dereva alikubali kila kitu, ndiyo dada, ndiyo dada, ili aondoke. Aliposimama kumsindikiza alitembea kwa adabu, wima, akafika naye mlangoni, akatoka naye mpaka barazani. Dada aligeuka kuaga. Macho yake yakashuka.

"Kaka," alisema, "una mkia."

Uzi wa kijani ulikuwa umenasa kwenye kitufe cha mfuko wake wa nyuma. Ulimfuata kutoka kitini, ukavuka kizingiti, na bonge lenyewe lilikuwa linabingirika taratibu katikati ya chumba, Kidoti akilifukuza kwa magoti na kupiga kelele za furaha.

Dada alitazama uzi. Alimtazama kaka yake usoni, kisha vidoleni. Akajitanda upya, akaondoka, na begani alionekana anatikisika. Dereva hakuweza kujua kama ni kicheko au ni mwendo tu. Akarudi ndani, akafuma kwa hasira mpaka sindano zikalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Mikono ya sweta ilipokwisha, Mama Kidoti aliitandika mezani. Aliigeuza. Ilikuwa imebana na kukakamaa, na ukiilinganisha na mwili wa sweta ilionekana kama ya mtoto mwingine.

"Vipi?" Dereva aliuliza. Alikuwa ameanza kuzunguka tena.

"Nzuri. Ikilowa italegea."

Aliilowesha, akaivuta kwa mkono wake wa kushoto na meno, akaibana kwa pini kwenye taulo mpaka futi ikasema alichotaka kusikia. Asubuhi ilikuwa bado imenyooka. Akaishonea kwenye mabega harakaharaka, kila mchomo ukimuuma, akaikunja sweta, akaifunga kwenye kitambaa safi.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na meza moja, kabati moja, na karani mmoja aliyekuwa akila karanga kwa siri kutoka kwenye droo. Dereva aliingia amembeba Kidoti, kwa sababu mkewe hakuruhusiwa kubeba. Alisimama karibu na mlango, upande ambao mtu husimama akiwa amemsindikiza tu mtu.

Aliletwa msichana mdogo mwenye mapengo. Akavishwa sweta. Mwili ulimkaa kama umemwagiwa. Kisha akanyoosha mikono mbele, alivyoambiwa, na mikono ya sweta ikapanda, ikapanda, ikakomea karibu na viwiko.

"Inanibana kwapa," alisema mtoto.

"Nyoosha vizuri," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nimenyoosha. Yenyewe ndiyo inakimbia."

Karani alikohoa karanga. Mwalimu Mkuu akamvua mtoto sweta, akamrudisha darasani, akatoa rula kwenye kikombe cha kalamu. Aliweka rula kifuani pa sweta, akahesabu kwa midomo. Akaiweka kwenye mkono.

"Huku ishirini. Huku ishirini na nne." Alivua miwani. "Mama Kidoti, mikono hii umefuma wewe?"

Mume wake alikuwa nyuma yake, karibu na mlango. Karani alikuwa anasikiliza. Dirisha lilikuwa wazi, na nje wazazi wawili walikuwa wanasubiri zamu.

"Ndiyo, mwalimu. Ni mimi."

"Basi hilo ndilo baya zaidi." Hakusema kwa ukali. "Ingekuwa imefumwa na mtu mwingine, ningeelewa. Lakini kama ni mkono mmoja, na unabadilika katikati ya sweta moja, nitajuaje watoto thelathini na wawili watapata nini? Huyu ya kulegea, huyu ya kubana. Kazi ya mwili ni safi kabisa, sikatai. Ila siwezi." Akaanza kuikunja sweta.

Mama Kidoti aliona ikikunjwa. Mkono wa kwanza ndani, mkono wa pili ndani. Alikuwa na neno moja la kusema na neno hilo halikuwa lake peke yake, kwa hiyo alisimama tu, akishika kidole gumba chake.

"Mikono nimefuma mimi," alisema Dereva.

Karani aliacha kutafuna.

"Wewe?" alisema Mwalimu Mkuu.

"Mimi. Yeye mkono unamuuma, kaambiwa na nesi asifume. Mwili ndio wake. Hiyo inayokimbia ni yangu."

"Dereva wa malori?" karani aliuliza, hakuweza kujizuia. Mmoja wa wazazi dirishani alisogeza kichwa aone vizuri.

"Nilikuwa wa malori." Masikio yalikuwa yamemwiva. Kidoti alimshika pua, naye akamwacha aishike.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani tena. "Mafundi wawili si shida. Kwa kweli mmoja asingemaliza kabla ya baridi, na hilo lilikuwa linanisumbua. Shida ni kwamba huyu wa pili simjui mkono wake. Mama Kidoti, wewe kipande chako uliniletea, nikakiona. Chake kiko wapi?"

Mama Kidoti aligeuka, akamtazama mumewe.

"Hakufuma," alisema Mama Kidoti hatimaye. "Nilimwonea huruma."

"Mimi ndiye nilikataa," alisema Dereva.

"Haya, mtagombana nyumbani." Aliwaelekeza kwa rula. "Benchi lile pale barazani. Afume kipande sasa. Kabla sijafunga ofisi nikikiona kinalingana na mwili huu, wapeni watoto sweta. Kisipolingana nakwenda duka la mashine, na tusilaumiane."

Benchi lilikuwa mkabala na geti. Hapakuwa na pazia wala mlango. Mama Kidoti alitoa kwenye mkoba sindano nene kuliko zile za kwanza, nene kuliko zote alizokuwa nazo.

"Mkono wako unabana, kwa hiyo tunaupa sindano nene. Usiutafute urefu. Vidole vitatu vinatosha."

Alifuma akiwa ameinamisha kichwa, viwiko vimebanwa mbavuni. Kwi, kwi, kwi. Watoto walitoka mapumziko, wakamzunguka, wakarudi. Kipande kilipofika vidole vitatu mkewe alikipima. Ishirini na mbili.

"Bado," alisema.

"Nipe sindano nene zaidi."

"Hakuna nene zaidi. Iliyobaki ni wewe."

Akafumua. Akaanza upya. Jua lilikuwa limesogea, na wazazi wakaanza kuja kuchukua watoto. Walipita mmoja mmoja mbele ya benchi, salamu zao zikipungua mwendo. Kila aliyepita, Dereva aliukaza uzi kidogo. Mama Kidoti aliona vitanzi vinavyojikunyata, akajua kipande hiki nacho kimekufa, na hakujua amwambie nini mtu anayetazamwa.

Mlinzi wa geti, aliyekuwa akimsalimu Dereva miaka yote ile alipopita na lori, alishindwa kuvumilia.

"Dereva. Siku hizi gari lenyewe ndilo hilo?"

Mama mmoja alicheka. Sindano zilisimama. Mama Kidoti alifunga macho.

"Ndilo hili," alisema Dereva. "Halina breki, usisimame mbele."

Mlinzi akacheka mpaka akashika geti. Bibi aliyekuja kumchukua mjukuu akasogea. "Baba, unafuma mwenyewe au unamshikia mkeo?"

"Nafuma mwenyewe, bibi. Ila mkono unabana. Nimeambiwa nisipouregeza watoto wenu watavaa soksi."

"Usiuzungushe uzi mara mbili kidoleni. Hapo. Mara moja tu."

"Hivi?"

"Hivyo. Na mabega shusha, hakuna anayekupiga."

Alishusha mabega, akafumua, akaanza upya. Alikuwa amekwisha kusema yote, amekwisha kuonwa na wote, na hapakuwa na kitu kingine cha kukificha chini ya mto. Akamuuliza bibi kuhusu mjukuu. Akamjibu mlinzi kuhusu njia ya milimani. Mama Kidoti alikuwa akimnyonyesha mtoto alipogundua kwamba kuna kitu kimekoma, na ilimchukua muda kujua ni nini: sindano zilikuwa zimeacha kulia.

Hakumwambia. Alimwacha azungumze.

Kwenye bomba la shule walilowesha kipande, wakakikandamiza kwa kanga, wakakilaza ukutani juani. Hawakuwa na pini. Dereva alisimama mbele yake, akazunguka, akarudi, akanyoosha vidole viwili kukivuta upande.

"Usikiguse," alisema Mama Kidoti.

"Kidogo tu. Naona kama kimejikunja."

"Usikiguse, Baba Kidoti. Kama kiko hivyo, kiko hivyo."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshatoka, mkoba begani, karani nyuma yake na funguo. Alikuwa amesikia. Aliweka rula juu ya kipande palepale ukutani, kikiwa bado na ubichi, akahesabu. Alipofika mwisho alirudia. Dereva alitazama midomo yake kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali.

"Ishirini," alisema. Akaweka rula mkobani. "Fumueni ile mikono. Jumatatu muilete mipya, halafu mtachukua vipimo vya darasa. Wote wawili mje, nisimwone mmoja."

"Tutakuja, mwalimu," alisema Mama Kidoti.

Walitoka getini. Dereva alimbeba mtoto kwa mkono mmoja, mkono mwingine umekamata mkoba wenye sweta, na alitembea haraka kama kawaida yake, mkewe akimfuata nusu hatua nyuma. Kwenye kona, mbele ya duka la simu, palipojaa watu wa jioni, alipunguza mwendo.

"Hivi mtu akifuma huku anawaza nyumbani, mkono unabadilika?"

"Unabadilika."

"Na akichoka?"

"Unabadilika pia."

Alitafakari. Kulikuwa na ukuta mfupi mbele ya duka, watu wawili wamekaa wakingoja watu wao. "Sasa hivi mkono wangu uko sawa," alisema. "Nausikia. Sogeeni kidogo, jamani, tukae."

Watu wakasogea. Akampa mkewe mtoto upande wa mkono mzima, akaitoa sweta ya kijani mbele ya kila mtu, akatafuta mwisho wa uzi begani, akaukata kwa meno, akaanza kufumua.